Karavani ya kilo 2,200 nyuma ya pikapu ya dizeli: joto linapanda Kipsitet hadi Kericho, shida ni gani?

#1 JiraniWaDunga
Wadau, salamu. Pikapu ni dizeli ya lita 3.0 yenye tabo (ile inayosukuma hewa ndani ya injini), gia 5 za mkono. Nyuma kuna karavani ya Uingereza ya ekseli mbili, breki za kusukumwa, kilo 2,200 ikiwa na maji, gesi na vyombo vyote. Njia ni Kisumu, Ahero, Awasi, Kericho, Mau Summit, kisha Nakuru.

Tambarare ya Ahero mshale wa joto umetulia katikati. Ukipita Kipsitet mlima ukianza, gia ya 4, kasi 55 hadi 60, baada ya dakika kumi hivi mshale unafika robo tatu. Barabara ikilegea pale Kapsoit unarudi wenyewe. Kutoka Chepseon kwenda Londiani mambo ni yale yale. Bila karavani mshale hausogei, hata pikapu ikibeba kilo 800. Radieta imesafishwa, themostati ni mpya, maji hayapungui.

Fundi mmoja hapa mjini anasema injini ya lita 3 haikuundwa kwa kazi hii, niuze nitafute lori dogo. Ni kweli?

#2 DizeliTupu
Si kweli. Piga hesabu kabla ya kuuza gari.

Pikapu na abiria tuseme kilo 2,400, karavani 2,200, jumla 4,600. Kwenye mlima wa asilimia 6, mvuto wa dunia peke yake unairudisha gari nyuma kwa nguvu ya nyutoni 2,700. Msuguano wa matairi unaongeza kama 540. Upepo ukigonga kipaji cha karavani kwa kasi ya 60 unaongeza nyingine 550 hivi. Ukijumlisha, magurudumu yanahitaji karibu kilowati 63, yaani farasi 85. Injini nyingi za dizeli za lita 3.0 zenye tabo zinatoa farasi 130 na zaidi. Nguvu ipo.

Sasa shusha kasi hadi 40. Hitaji linakuwa kama kilowati 39. Umepunguza kazi ya injini kwa zaidi ya theluthi, na umepoteza dakika chache tu hadi Kericho. Halafu teremka gia, ya 3 au hata ya 2, hadi mizunguko ya injini ikae 2,400 hadi 2,600 kwa dakika. Gia ya 4 kwa mizunguko 1,700 huku umekanyaga mafuta hadi chini ndiyo inayopika injini: pampu ya maji na feni zinazunguka polepole wakati ambapo joto ni jingi kuliko wakati wowote.

#3 FundiFeni_Nakuru
DizeliTupu amesema vizuri juu ya gia, lakini dalili hizi mimi nazisoma kama klachi ya feni. Feni ya pikapu hizi haikushikana na injini moja kwa moja. Katikati kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, na mbele yake springi ndogo ya bati inayosikia joto la hewa inayotoka kwenye radieta. Hewa ikipata joto, springi inafungua mlango, mafuta yanaingia, feni inashika. Mafuta yakivuja au yakizeeka, feni inaelea tu. Kwenye tambarare upepo wa mwendo unatosha, hutaona kitu. Mlimani kwa kasi ya 40 au 50 upepo ni mdogo na feni haipo.

Jinsi ya kupima: injini ikiwa imetoka mlimani na joto lake, zima, toa ufunguo, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka zaidi ya mara moja baada ya kuiachia, imechoka. Angalia pia katikati ya klachi kama kuna utelezi mweusi uliokusanya vumbi. Hayo ni mafuta ya silikoni yaliyotoka.

#4 Mwendo_Pole
Kuna kipimo kingine rahisi. Injini ikiwa inanguruma, ingiza gazeti lililokunjwa kwenye feni. Ikisimama, klachi imekufa.

#5 FundiFeni_Nakuru
Hapana ndugu, tafadhali usimfundishe mtu hiyo. Gazeti likinaswa linavuta mkono, na bapa la plastiki likikatika linapasua radieta. Feni inapimwa injini imezimwa. Ukitaka kuisikia ikifanya kazi, fungua dirisha mlimani: klachi nzima ikishika utasikia mvumo mkubwa kama wa lori, kisha unapotea joto likishuka.

#6 Mlima_Londiani
Nyote mnaangalia mbele ya gari. Mimi naangalia nyuma. Bila karavani hakuna shida hata na kilo 800, ameandika mwenyewe. Breki za karavani zinashika.

Breki ya kusukumwa inafanya kazi hivi: pikapu ikipunguza mwendo, karavani inasukuma kapulingi (kiungio chake na pikapu), mkono wa chuma unaingia ndani, unavuta fito na kebo, viatu vya breki vinafunguka ndani ya dramu. Ukiwa unapanda, karavani inavutwa, kwa hiyo breki inapaswa kuwa imeachia kabisa. Lakini kebo ikikazwa kupita kiasi, au breki ya mkono ikibaki jino moja, viatu vinasugua safari nzima.

Inua gurudumu moja moja kwa jeki na ulizungushe kuelekea mbele. Mbele tu. Ukizungusha kinyumenyume, ule mtambo wa kurudi nyuma unaachia viatu na utadanganyika. Gurudumu lizunguke huru. Mkwaruzo mwepesi ni sawa, likisimama ghafla ujue hapo ndipo.

#7 Wa_Ahero
Mlima_Londiani, kama breki zinashika, si zingepandisha joto hata kwetu Ahero? Hakuna barabara iliyonyooka kama ya mashamba ya mpunga, na yeye anasema pale mshale umetulia.

#8 Mlima_Londiani
Swali zuri. Kwenye tambarare injini ina akiba kubwa, breki ikila kilowati tano haionekani kwenye geji. Mlimani hakuna akiba, tano hizo hizo ndizo zinazomwaga kikombe. Asitazame geji ya injini. Asimame Awasi, aguse rimu zote nne.

#9 Mwalimu_Fizikia
Habari zenu. Hamjataja mwinuko kutoka usawa wa bahari. Kisumu iko kama mita 1,130, Kericho kama 2,000, na Mau Summit inakaribia 2,500. Hewa ya Kericho ni nyepesi kuliko ya Kisumu kwa karibu asilimia 8 au 9. Feni ile ile, kasi ile ile, inapitisha hewa kidogo zaidi kwa uzito.

Na maji yanachemka mapema. Maji matupu ndani ya sufuria wazi yanachemka kwa nyuzi 96 Kisumu na karibu 92 Mau Summit. Kifuniko cha radieta ndicho kinachotuokoa: kile cha bari 0.9 kikishika vizuri, kiwango kinapanda hadi kama nyuzi 116 Kisumu na 114 Mau Summit. Tazameni vizuri. Kifuniko kikiwa kizima, mlima unakuibia nyuzi mbili tu. Kifuniko kikiwa kimelegea mpira, umepoteza zaidi ya ishirini. Badilisheni kifuniko kabla ya kitu kingine chochote, ni kitu kidogo sana.

#10 DizeliTupu
Mwalimu leo umebeba ubao mzima. Lakini ongeza upande wa pili: Kisumu mchana ni nyuzi 30, Kericho ni kama 22. Radieta inaishi kwa tofauti kati ya maji na hewa. Maji yakiwa 100, tofauti Kisumu ni 70, Kericho ni 78. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 11, inafuta hasara yote ya hewa nyepesi. Mwinuko haufafanui tatizo lake. Na kama angekuwa na kifuniko kibovu maji yangepungua. Amesema hayapungui.

#11 Mwalimu_Fizikia
Nakubali baridi inasaidia radieta. Lakini tabo nayo inazunguka kwa nguvu zaidi kuijaza injini hewa, na hewa iliyosukumwa sana inatoka na moto zaidi, inapita kwenye intakula, kipoza hewa ya tabo kilicho mbele ya radieta. Sijaondoa hoja yangu, nimeipunguza.

#12 BintiMenengai
Kabla hamjagombana zaidi: hiyo geji ya dashibodi haisemi nyuzi. Pikapu nyingi za siku hizi zimetengenezwa mshale ubaki katikati kati ya nyuzi 75 hivi na zaidi ya 100, ili dereva asihangaike. Ukiona umefika robo tatu, umechelewa kujua. JiraniWaDunga, chomeka kisoma hitilafu kwenye tundu lililo chini ya usukani, usome joto la maji kwa namba. Nunua na kipimajoto cha kuelekeza, kile kama bastola. Bila namba, uzi huu utafika kurasa kumi na kila mtu atakuwa sahihi.

#13 Msafiri_Kakamega
Kwa anayetaka kulinganisha injini: Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo inatoa nyutoni-mita 285. Isuzu D-Max yenye injini ya 4JJ1 ya lita 3.0 yenye tabo, ile ya nyutoni-mita 380, inaishinda kwa nguvu ya kuvuta. Na ile isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo ikifika Mau Summit imebaki na robo tatu tu ya alichoandika mtengenezaji. Fundi wa #1 anapima kwa lita peke yake.

#14 Mzee_wa_Spana
Vijana, mmesahau maji yenyewe. Wengi wanajaza maji ya mfereji. Maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti (ile dawa ya radieta), hilo ni kweli, lakini yanaleta kutu na magamba, na magamba ni blanketi ndani ya injini. Radieta inaweza kusafishwa ikang'aa huku mifereji ya kuzunguka silinda imejaa. Nusu kulanti, nusu maji yaliyosafishwa. Kulanti tupu bila maji ni kosa pia, inabeba joto vibaya.

Na kitu kingine: je, radieta ilisafishwa ndani tu, au ilishushwa? Kati ya radieta na kile kipoza cha kiyoyozi kuna nafasi ya vidole viwili. Hapo ndipo mbegu za majani, wadudu na vumbi la miwa hukaa. Ukitazama kwa mbele unaona safi. Ichomoe, puliza kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa maji ya presha ndogo, maana presha kubwa inalaza mapezi.

#15 JiraniWaDunga
Asanteni. BintiMenengai, vyote viwili vimepatikana. Namba ni hizi, kasi 55, gia ya 4, kiyoyozi kimewashwa:

Ahero nyuzi 91. Awasi 93. Kipsitet 96. Kabla tu ya Kapsoit 108.

Rimu za karavani pale Awasi, bila kukanyaga breki kilomita kadhaa: mbele kushoto 45, mbele kulia 47, nyuma kushoto 44, nyuma kulia 71.

Feni, injini ikiwa na moto na imezimwa, inazunguka mara tatu ukiirusha kwa mkono. Hakuna utelezi katikati.

#16 FundiFeni_Nakuru
Mara tatu. Klachi hiyo imekwisha. Kukosa utelezi hakumaanishi ni nzima. Ile springi ya bati ikishika kutu au ikijaa tope, mlango haufunguki hata kama mafuta yamejaa.

#17 Mlima_Londiani
Na 71 kwenye gurudumu la nyuma kulia je? Tofauti ya nyuzi 25 na wenzake si bahati. Hiyo ni breki inayoshika au beringi.

#18 KitutuFundi
Hapa nataka kurekebisha kabla mtu hajaharibu kitu. Ukisikia "beringi" wengi watakimbilia kufungua, kupaka grisi na kukaza nati kwa hisia. Hiyo inafaa trela nyingi za Afrika Kusini na Marekani, zenye beringi za koni mbili: kaza nati huku unazungusha gurudumu ili zikae, legeza, kaza tena kwa vidole tu, kisha pini mpya.

Karavani za Uingereza za miaka ya karibuni nyingi zina beringi iliyofungwa kiwandani. Haipakwi grisi. Nati yake ni ya kutumika mara moja tu na inakazwa nyutoni-mita 290, karibu uzito wa mtu mzima akining'inia mwisho wa bomba la nusu mita. Ukiirudisha ya zamani, au ukikaza kwa vidole, gurudumu litatoka. Ukishafungua dramu, uwe na nati mpya mkononi.

Kutofautisha beringi na breki: gurudumu likiwa juu, lishike saa 12 na saa 6, tikisa. Halafu weka kiganja kwenye springi au mkono wa ekseli huku mwenzio akizungusha. Beringi mbovu utaisikia ikitetema mkononi kama mchanga. Breki inayoshika haitetemi, inasugua tu, mara nyingi sehemu moja ya mzunguko.

#19 Wa_Ahero
Na kama ni breki, unairekebisha vipi? Wengi hukaza au kulegeza ile fito ya mbele.

#20 KitutuFundi
Ndiyo kosa lenyewe. Unaanza magurudumuni, unamalizia mbele. Achia breki ya mkono. Vuta kapulingi ikae nje kabisa. Legeza fito na kebo zisivute chochote. Sasa nenda kila gurudumu, nyuma ya bamba la breki kuna tundu lenye kizibo cha plastiki, ndani kuna gurudumu la meno. Kaza kwa bisibisi hadi gurudumu likatae, kisha legeza hadi lizunguke mbele bila kushika. Fanya yote manne sawasawa. Kebo zikivutwa kwa mkono ziwe na ulegevu wa milimita chache tu, na zote zilingane. Fito ni ya mwisho.

Angalia pia dampa ya kapulingi, yaani kile kizuizi cha gesi kilicho ndani ya mkono. Vuta breki ya mkono kabisa, isukume karavani nyuma hadi mkono wa chuma uingie ndani, kisha iache. Mkono urudi nje wenyewe, polepole. Usiporudi, kizuizi kimekufa, na kila ukipunguza mwendo karavani itagonga pikapu kama nyundo.

#21 DizeliTupu
Mimi bado niko kwenye gia na kiyoyozi. Amepima na kiyoyozi kimewashwa, gia ya 4. Kipoza cha kiyoyozi kinamwaga joto mbele ya radieta na kompresa inakula nguvu ya injini. Arudie mlima ule ule na gia ya chini, kasi 40, kiyoyozi kimezimwa, bila kugusa spana. Ikibaki 100, hakuna kilichoharibika isipokuwa uendeshaji.

#22 FundiFeni_Nakuru
Kwa hiyo aendeshe na feni iliyokufa kwa sababu ana subira? Siku atakapokwama nyuma ya matrekta ya miwa kwa mwendo wa 15 mchana, upepo wa mwendo hautakuwepo.

#23 Njoro_Dizeli
Pia angalia mipira ya intakula. Ikipasuka chini ya kola, tabo inavuja, moshi mweusi unatoka, moto wa ekzosi unapanda. Paka maji ya sabuni huku mtu akipandisha mizunguko, utaona mapovu. Na filta ya dizeli ibadilishwe, ikiziba injini inachemka.

#24 Msafiri_Kakamega
Mipira sawa. Filta hapana. Filta ikiziba injini inapata mafuta kidogo, inakosa nguvu, na joto linapungua. Filta ina umuhimu wake mwingine: kufungua kile kizibo cha chini na kutoa maji yaliyotulia. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ndiyo adui wa pampu, kwa sababu mafuta ya taa hayalainishi chuma. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa ajili ya uchanganyaji huo huo. Lakini hilo halihusiani na nyuzi 108.

#25 JiraniWaDunga
Niongeze swali, samahani kwa kupanua uzi. Kushuka kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan na Migaa, kwa kasi ya 80 karavani inapiga mkia, hasa lori kubwa likipita. Inahusiana na hilo gurudumu?

#26 BintiMenengai
Hapo ndipo mimi ninapoogopa kuliko joto la injini. Tangi la maji liko wapi, na lina lita ngapi ndani?

#27 JiraniWaDunga
Nyuma kabisa, chini ya kitanda. Lita 80, limejaa.

#28 BintiMenengai
Basi pua yako imeelea, yaani uzito wa mbele unaokaa juu ya kapulingi ni mdogo. Tuseme tangi liko mita 2.5 nyuma ya ekseli na kapulingi iko mita 4 mbele yake. Kilo 80 mara 2.5, gawanya kwa 4: umeipunguzia pua kilo 50. Karavani yenye pua nyepesi inageuka kama mshale wa dira upepo ukiigonga. Safiri na tangi tupu, ujaze Nakuru. Betri, hema la mbele na vyakula vya kopo viwe chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Nyuma kabisa mito na matandiko tu.

#29 Njoro_Dizeli
Uzito wa pua uwe asilimia 10 hadi 15. Kwa kilo 2,200 ni kati ya 220 na 330.

#30 KitutuFundi
Hiyo ni desturi ya Marekani, na trela zao na kapulingi zao zimetengenezwa kwa hiyo. Karavani za Ulaya hufuata kama asilimia 5 hadi 7, na kapulingi nyingi zimepigwa chapa ya kikomo, mara nyingi kilo 100 tu. Ukiweka 300 utapinda mkono wa trela, na nyuma ya pikapu itakaa chini, taa zimulike minazi ya Mombasa. Soma kibati cha kapulingi na cha tobari, ile nondo ya nyuma ya pikapu. Kidogo kati ya hivyo viwili ndicho kikomo.

#31 Njoro_Dizeli
Lakini asilimia 5 ndiyo hiyo inayopiga mkia. Watu wa Ulaya wana barabara laini na kasi ya polepole. Matuta yetu na malori yetu yanataka pua nzito.

#32 KitutuFundi
Basi ifike kikomo cha kibati, isipite. Na upime, usikisie. Mizani ya bafuni inatosha kama pua haizidi uwezo wake: weka kipande cha mbao cha kusimama chini ya kapulingi, kwenye usawa ule ule wa tobari, karavani ikiwa sambamba na ardhi. Ikizidi, chukua ubao imara, upande mmoja ulale juu ya tofali, mwingine juu ya mizani. Kapulingi ikae theluthi moja kutoka kwenye tofali. Zidisha unachosoma kwa 3.

#33 Wa_Ahero
Na ikishaanza kupiga mkia, dereva afanye nini? Wengi hukanyaga mafuta ili "kuinyoosha".

#34 Mlima_Londiani
Kukanyaga mafuta kwenye mteremko ni kuongeza kasi ambayo ndiyo chanzo. Toa mguu, shika usukani umenyooka kwa mikono miwili, usijaribu kuifuata ikienda huku na huku, maana mkono wako unachelewa nusu mzunguko na unaongeza kuyumba. Usipige breki ya ghafla. Mwenye breki za umeme kwenye trela abonyeze zile za trela peke yake. Mwenye breki za kusukumwa hana kitufe hicho, kwa hiyo kinga yake ni kasi. Pale Sachangwan 80 ni nyingi mno kwa kilo 2,200.

Na lile gurudumu la nyuma kulia linahusika. Breki ya upande mmoja ikishika, karavani inavutwa upande mmoja kila unapopunguza.

#35 DizeliTupu
Mteremko huo uteremke kwa gia uliyopandia. Dizeli ina breki kali ya injini, iache ifanye kazi.

#36 Mwalimu_Fizikia
Hapa lazima nirekebishe, kwa upendo. Injini ya dizeli haina kile kilango kinachoziba hewa kama cha petroli, kwa hiyo ukitoa mguu inakaba kidogo tu. Malori yana breki ya ekzosi kwa sababu hiyo. Pikapu nyingi hazina. Gia ya chini ni lazima, lakini haitoshi peke yake.

Kilo 4,600 zikishuka mita 500 zinaachia nishati ya kupasha zaidi ya lita 60 za maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka. Sehemu inaliwa na upepo na matairi. Inayobaki ni ya injini na breki zako. Ukiburuta breki kidogo kidogo mfululizo, breki ya kusukumwa ya karavani nayo inaburuta mfululizo, na dramu hazipati nafasi ya kupoa. Afadhali gia ya chini kabla mteremko haujaanza, acha kasi ifike 55, kanyaga kwa uthabiti hadi 40, achia kabisa. Rudia.

#37 Mzee_wa_Spana
Na mtu asiweke fri, yaani kuteremka bila gia. Mnajua malori yanayoshuka Salgaa yamefanya nini kwa sababu ya fri.

#38 Msafiri_Kakamega
Matairi bado. Karavani ya ekseli mbili mara nyingi huvaa 185R14C. Likiandikwa 102 kwa ubavu, ni kilo 850 kila moja likiwa na presha yake kamili, karibu psi 65. Watu wanajaza 35 kama pikapu, ubavu unajikunja, unapata moto na kupasuka. Jaza asubuhi tairi likiwa baridi. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la karavani linazeeka likiwa limesimama, kashata (meno ya kukanyagia) bado nzima lakini ubavu una nyufa. Nyuzi 71 za rimu zinaweza kuwa tairi lenye upepo mdogo, hamkuliuliza.

#39 KitutuFundi
Ni kweli, hatukuliuliza. Jirani, elekeza kipimajoto kwenye ubavu wa tairi, kisha kitovu cha rimu, kisha nyuma kwenye bamba la breki. Palipo na moto zaidi ndipo chanzo. Na nati za magurudumu zikazwe upya ukifika Kericho, ni kama kilomita 80, hasa kama magurudumu yaliwahi kutolewa.

#40 Nandi_Juu
Kwa nini asipite Kapsabet hadi Eldoret, kisha ateremke Nakuru? Barabara ina nafasi.

#41 Wa_Ahero
Huko atapanda ukingo wa Nandi, halafu Timboroa, ambayo iko juu kuliko Mau Summit. Anakimbia mvua anaingia mtoni. Apite Kericho asubuhi, kabla ya mvua ya mawe ya alasiri.

#42 JiraniWaDunga
Nimepima, psi 62 yote manne. Tairi la nyuma kulia ubavu 48, kitovu 66, bamba la breki 83. Klachi ya feni imeagizwa. Kifuniko kipya kimefungwa leo. Nitabadilisha feni kwanza, nipande na breki kama zilivyo, ili nijue kila kimoja kilikuwa kinakula nyuzi ngapi.

#43 Mlima_Londiani
Bamba 83, hiyo ni breki, si beringi. Rekebisha breki kwanza ndugu yangu, halafu upande na feni ya zamani. Feni mbovu inakusimamisha Kapsoit. Breki inayoshika inakufuata hadi Sachangwan.

#44 DizeliTupu
Na vyovyote utakavyoanza, mpando wa kwanza uwe gia ya chini, kiyoyozi kimezimwa. Utuletee namba za Kapsoit na za Chepseon, zote mbili.